Butaro: Sanaa Iliyoanzia Kwenye Msingi

Ukilazwa kwenye wodi nyingi za hospitali zetu za umma, unachokiona mchana kutwa ni mgonjwa mwingine. Vitanda vimepangwa safu mbili, vichwa vimeelekea ukutani chini ya madirisha, miguu imeelekea katikati. Mwenzako wa upande wa pili anakohoa unamwona, anabadilishwa shuka unamwona, na siku yake ikifika, anakata roho ukimtazama. Dirisha liko nyuma ya kichwa chako. Mwanga unaoingia unamsaidia muuguzi kusoma faili, wewe unabaki na dari.

Katika Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, vitanda vimegeuzwa. Katikati ya wodi umejengwa ukuta mfupi unaokwenda na urefu wa chumba, vichwa vya vitanda vimeegemezwa hapo kutoka pande zote mbili, na kila mgonjwa anatazama dirishani. Nje ya dirisha kuna vilima vya Burera, mashamba ya ngazi na mawingu yanayopita chini kuliko ulivyozoea. Haikununuliwa mashine yoyote ili jambo hilo liwezekane. Alihitajika mtu wa kuuliza, mapema kabla ramani haijakauka: huyu atakayelala hapa ataona nini?

Nimeichagua Butaro kwa sababu mjadala wa sanaa katika hospitali kwetu huanzia mahali pabaya. Jengo linakamilika, mkandarasi anaondoka, pesa kidogo zinabaki, anaitwa mchoraji achore twiga na vipepeo kwenye wodi ya watoto. Sina ugomvi na twiga. Mtoto anayesubiri sindano anamhitaji. Lakini mchoraji aliyeitwa mwisho anakuta yote yenye uzito yameshaamuliwa: mwanga unaingia wapi, mtu anangojea wapi, ukuta umejengwa kwa nini na umejengwa na nani. Butaro waliyaamua hayo kwa jicho la msanii tangu mwanzo, tena mahali ambapo kila mtu angesema umaskini hauruhusu.

Mlima usiokuwa na hospitali

Burera ni wilaya ya mpakani mwa Rwanda na Uganda, karibu na milima ya volkano ya Virunga. Miaka ya 2000 ilikuwa na zaidi ya watu 300,000 na haikuwa na hospitali ya wilaya. Wizara ya Afya ya Rwanda ilikuwa ikishirikiana na shirika la Partners In Health, ambalo nchini humo linaitwa Inshuti Mu Buzima, lililoanzishwa na daktari Mmarekani Paul Farmer pamoja na wenzake. Farmer alikuwa na msimamo uliowakera wengi wa wakati wake: maskini apewe tiba bora, na apewe pia mahali pazuri pa kutibiwa. Alipenda bustani, akasisitiza zipandwe kwenye hospitali alizofanyia kazi.

Mwaka 2006 Farmer alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Harvard. Mmoja wa waliosikiliza alikuwa Michael Murphy, mwanafunzi wa usanifu majengo. Farmer alieleza jinsi majengo ya hospitali yenyewe yanavyowaambukiza watu: korido nyembamba zisizopitisha hewa, wagonjwa wa kifua kikuu wakingojea bega kwa bega na mama wajawazito na watu wenye virusi vya UKIMWI. Murphy alimfuata baadaye kumuuliza ni wasanifu gani wanaosaidia kazi hiyo, akaambiwa hakuna. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Alan Ricks, pamoja na wengine, wakaanzisha MASS Design Group, shirika la wasanifu majengo lenye makao yake Boston, Marekani. Butaro ikawa kazi yao kubwa ya kwanza.

Hofu ya maambukizi haikuwa ya kufikirika. Mwaka huohuo wa 2006 ilitangazwa habari ya Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 waligunduliwa na kifua kikuu sugu cha kiwango cha juu kabisa, kisichosikia karibu dawa zote. Walikufa 52. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo, na dalili zote zilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukipokezanwa humohumo wodini. Watu waliingia kutafuta uzima wakatoka na kifo ambacho hawakwenda nacho.

Kwa hiyo ramani ya Butaro ilianza na pumzi. Korido ya ndani, ile ambayo kila hospitali inayo na ambayo hugeuka chumba cha kungojea, ikaondolewa. Watu wanapita na kungojea nje, kwenye baraza zenye paa zinazounganisha majengo. Wodi zina madirisha pande zote mbili ili hewa ikate chumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, na lengo lilikuwa hewa yote ya wodi ibadilike angalau mara 12 kwa saa. Darini kuna feni kubwa ajabu, zenye kipenyo cha zaidi ya mita 7, zinazozunguka polepole. Zinaipandisha hewa hadi kwenye taa za mionzi ya urujuanimno zilizofungwa juu, zinazoua vijidudu. Sakafu haina maungio ambamo uchafu unaweza kujificha.

Sasa angalia kilichotokea. Kila uamuzi hapo ulichukuliwa kwa sababu ya kitabibu, na kila mmoja ulileta uzuri. Korido ilipoondoka, mtu anayengojea akapata bustani. Dari ilipoinuliwa kwa ajili ya hewa, mgonjwa akapata chumba kisichomkandamiza. Madirisha yalipokuwa makubwa, vilima vikaingia ndani. Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema tuchague kati ya jengo linalofanya kazi na jengo zuri. Hewa safi na mandhari vinapita kwenye tundu lilelile la ukutani.

Mawe

Lakini hewa haielezi kuta, na kuta za Butaro ndizo zilizonifanya niamini kwamba kilichopo pale ni sanaa kwa maana kamili ya neno hilo.

Ardhi ya eneo la Virunga imejaa mawe ya volkano: ya kijivu kilichokolea, mepesi kuliko unavyodhani, yenye vitundu kama sponji. Kwa mkulima ni adha. Jembe linagonga, anayang'oa, anayarundika pembeni mwa shamba yawe ukuta wa mpaka. Yanatumika pia kwenye msingi wa nyumba, sehemu isiyoonekana, au kwenye kuta ambazo fundi huyazungushia saruji nene, jiwe likazama kwenye mistari mipana ya udongo wa saruji. Mtu akipata pesa anatafuta tofali la kuchoma au anapiga plasta. Jiwe ni la asiye na namna.

Wabunifu wa Butaro waliliona jiwe hilo kwa jicho jingine. Waliwataka waashi waliweke wazi: wachague, walichonge, walipange hadi jiwe likae juu ya mwenzake kwa kushikana, saruji ifichwe nyuma, mistari isionekane. Ukuta unaotoka hapo ni wa kijivu cha kina, una vivuli kwenye kila kitundu, na ukinyesha mvua unakolea rangi. Hauna marudio, hakuna mita mbili zinazofanana. Ni kazi ya mkono inayoonekana kuwa ya mkono.

Kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa maelezo. Mwashi anageuza jiwe mara nne, tano, anatafuta uso wake, anagonga ukingo kidogo, anajaribu, anatoa, anarudia. Anayemlipa kwa mita atakasirika. Ndiyo maana naitaja kama sanaa: kuna uamuzi katika kila jiwe, na uamuzi huo hauko kwenye ramani ya mtu yeyote aliye Boston au Kigali. Uko machoni mwa mwashi. Msanifu alichofanya ni kuacha nafasi kwa ajili ya jicho hilo, na kukubali kwamba ukuta wa mwisho utakuwa bora kuliko wa kwanza kwa sababu watu watakuwa wamejifunza njiani.

Na kuna faida ambayo mhasibu yeyote wa halmashauri ataielewa. Jiwe halipakwi rangi. Tembelea hospitali ya wilaya iliyojengwa miaka kumi iliyopita uone plasta ilivyovimba kwa unyevu, rangi ya mafuta ilivyobanduka hadi usawa wa mabega, alama za mikono, alama za machela. Bajeti ya ukarabati haipo, au ipo kwenye karatasi. Mgonjwa anayeingia anasoma ukuta huo kabla hajamwona daktari, na ukuta unamwambia kwamba hapa hakuna anayejali. Ukuta wa jiwe la volkano utakuwa vilevile baada ya miaka thelathini, na huenda ukapendeza zaidi.

Mikono ya nani

Mhandisi aliyesimamia ujenzi, Bruce Nizeye, alikuwa na fikra zake kuhusu nani ajenge. Murphy ameeleza hadharani jinsi mtambo wa kuchimba ulivyokuwa shida kuupandisha mlimani, na jinsi Nizeye alivyopendekeza wafanye kwa ubudehe, desturi ya Kinyarwanda ya jamii kujifanyia kazi yake kwa pamoja. Mamia ya watu wakaja na majembe na makoleo, wakachonga mlima kwa mkono. Kwa maelezo ya Murphy, ilichukua nusu ya muda na nusu ya gharama ya mtambo. Samani nazo hazikuagizwa kutoka nje: waliletwa mafundi seremala mahiri wakawafundisha wengine, vitu vikatengenezwa palepale. Kwa hesabu za wabunifu, watu waliopata kazi katika ujenzi ule wanakaribia 4,000.

Tukumbuke mwaka. Ujenzi ulifanyika takriban miaka 15 baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Nizeye alisisitiza wachukuliwe watu wa asili zote na nusu yao wawe wanawake. Watu ambao familia zao zilikuwa pande tofauti za jambo lisilosemeka walishika jiwe moja, mmoja upande huu mwingine upande ule, wakalipandisha ukutani. Siwezi kudai kwamba ukuta umewapatanisha. Upatanisho ni kazi ndefu na ina wenyewe. Ninachodai ni kwamba mtu aliyejenga hospitali kwa mkono wake haingii humo akiwa mgeni. Anapomleta mama yake mgonjwa, anampitisha mbele ya kazi yake.

Waashi nao waliondoka pale na ufundi ambao haukuwepo sokoni kabla. Mawe yaliyokuwa adha ya mkulima yakaanza kutafutwa na wenye majengo, na waliojua kuyapanga wakaitwa kwenye kazi nyingine. Mchoro wa twiga, hata uwe mzuri namna gani, hauachi kitu cha aina hiyo kijijini.

Hospitali ilifunguliwa Januari 2011 ikiwa na vitanda vipatavyo 140. Mwaka 2012 kikafunguliwa hapohapo kituo cha kutibu saratani, jambo ambalo wengi walisema haliwezekani kijijini. Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani kikajengwa kwenye vilima vya jirani na kuzinduliwa 2019. Farmer alifariki Februari 2022 akiwa Butaro, alikokuwa akifundisha.

Je, kuna ushahidi?

Daktari mmoja mwenye haraka ataniuliza swali la haki: hayo mandhari yanatibu nini? Jibu maarufu zaidi lilitolewa 1984 na Roger Ulrich, aliyechapisha katika jarida la Science utafiti wake wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kati ya 1972 na 1981. Nusu walilazwa vyumba vinavyotazama miti, nusu vinavyotazama ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96, waliotazama ukuta siku 8.70, na walioona miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Idadi ni ndogo na hospitali ni moja, nami nisingejenga sera ya taifa juu ya wagonjwa 46. Lakini tofauti ilitokana na kitu kisicho na gharama: dirisha lilielekea wapi.

Ulrich na wenzake walifanya kazi nyingine Uppsala, Sweden, kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa moyo. Waliowekewa picha ya maji na miti walipungukiwa na wasiwasi. Waliowekewa picha ya maumbo ya mistari iliyonyooka walipata wasiwasi zaidi kuliko hata wale ambao hawakuwekewa picha yoyote. Hapa wachoraji wenzetu wasikilize: picha inaweza kudhuru. Mtu aliyelala na mrija mwilini hawezi kugeuka na kuondoka kama aliye kwenye jumba la maonyesho. Kazi ambayo mjini ingesifiwa kwa kuchokoza mawazo, wodini inamchokoza mtu asiye na nguvu ya kujibu.

Hilo linanileta kwenye imigongo. Rwanda ina sanaa ya ukutani ya asili yake, inayofinyangwa na wanawake kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu katika maumbo ya pembe na mistari. Asili yake ni Gisaka, mashariki mwa nchi. Ni nzuri mno, na mtu anayetaka hospitali ya Kinyarwanda atashawishika kuijaza kila mahali. Mimi ningeiweka langoni na barazani, mahali pa kupokea watu na kungojea, pale ambapo inasema hapa ni kwenu. Mbele ya kitanda cha mgonjwa wa upasuaji ningeacha dirisha. Lakini wagonjwa wa Uppsala walikuwa Waswidi, na umbo ambalo kwao ni mistari mitupu kwa bibi wa Kirehe, hukohuko mashariki mwa Rwanda, huenda ni ukuta wa mama yake. Kwa hiyo kabla ya kutundika ningemuuliza bibi huyo.

Pesa, na hoja isiyosemwa

Hoja inayorudi kila mara ni ya vipaumbele: tuna upungufu wa dawa na wauguzi, halafu mtuzungumzie mandhari. Naiheshimu hoja hiyo inapotoka kwa muuguzi anayehudumia wodi nzima peke yake. Butaro pia haikujengwa na bajeti ya wilaya pekee. Ilikuwa na mashirika, wafadhili na majina makubwa nyuma yake, na atakayeiga ramani bila kuwa na pesa za kuiendesha ataumia. Taa za urujuanimno huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Feni ya mita saba ikiharibika, fundi wake hapatikani kila soko. Nikilazimika kupunguza, hivyo viwili ndivyo ningeanza kuvitafutia mbadala, nibaki na dirisha, baraza, jiwe na kitanda kilichogeuzwa.

Ila kuna jambo linalofichwa na hoja ya vipaumbele. Nenda Dar es Salaam, Ocean Road. Wajerumani walijenga hospitali pale ufukweni, ikakamilika 1897, na baraza za kupokea upepo wa bahari. Hawakubishana kama upepo na mandhari ya bahari ni anasa. Walijua ni sehemu ya tiba. Ilikuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na yao, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Leo Ocean Road ni taasisi ya saratani na baraza zile zinawapokea wagonjwa wa mikoa yote. Lakini fikra iliyowagawa haijatoka kabisa. Uzuri ulipokuwa wa mwenye nguvu uliitwa afya. Ulipoombwa kwa ajili ya maskini ukaitwa mapambo.

Tanzania tuna nafasi ambayo sidhani tumeitazama vizuri. Vituo vingi vya afya vya miaka ya karibuni vimejengwa kwa fosi akaunti, yaani kamati za wananchi na mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi mkubwa. Mikono ya kijiji tayari ipo kwenye kazi, kama ilivyokuwa Butaro. Kinachotubana ni ramani. Inatoka juu ikiwa moja, na jengo lilelile linasimama kwenye joto la Lindi na kwenye ukungu wa Makete, kwa bloku zilezile, plasta ileile, bati la rangi ileile. Mwashi wa Makete anayejua mawe ya kwao na mwashi wa Lindi anayejua kuchoma chokaa wote wanaambiwa waweke bloku.

Ramani hiyo inaweza kubaki moja kwa yale yanayohitaji kufanana: ukubwa wa vyumba, mabomba, chumba cha upasuaji, chumba cha kujifungulia. Iseme wazi kwamba kitanda kitazame dirisha. Iseme watu wangojee barazani. Kisha iache ukuta wa nje, baraza na lango viamuliwe na kamati pamoja na mafundi wake, kwa kujenga kwanza kipande cha ukuta wa mfano, mita mbili kwa mbili, uwanjani pale pale, wanakijiji waje wautazame, waukatae ukiwa mbaya, mwashi aubomoe na kuujenga tena mpaka ukubalike. Ndipo kazi ianze.